Mbalamwezi ya Mama Mkubwa

Kamusi ya shule ya binti yangu inasema mbalamwezi ni mwanga wa mwezi, basi. Sina ugomvi na kamusi. Aliyeiandika hakukosea, ila naona hakuwahi kukaa mahali dagaa wanapoanikwa. Binti yangu alikuwa anatunga insha, akaandika kwamba vijana wawili walitembea kwenye mbalamwezi wameshikana mikono, nami nikacheka hadi akanuna. Nikamwambia kwetu Ujiji, kule mwaloni mitumbwi inakotia nanga, neno hilo halikuwa la kushikana mikono. Lilikuwa neno la kazi, na kwa mama yangu lilikuja kuwa zaidi ya hapo. Akauliza, zaidi vipi? Nikaanza kumweleza, nikaona jibu ni refu, nikamwambia amalize kwanza insha yake.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani. Mitumbwi hutoka jioni na karabai, zile taa za mafuta za kupampu, na dagaa hufuata mwanga wakidhani sijui wameona nini, wakaja juu, wavu ukawanyanyua. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, karabai haina kazi tena, dagaa wanatawanyika. Hapo mitumbwi huvutwa juu mchangani na wavuvi hubaki nyumbani siku saba, nane, wengine hata kumi, mpaka mwezi uanze kuchelewa kutoka. Siku hizo zote ndizo mbalamwezi. Haikuwa lazima mwezi wenyewe uonekane. Saa sita mchana, jua linachoma utosi, ungemsikia mtu anasema, "Si tuko kwenye mbalamwezi?" na hakuna wa kumshangaa. Siku za kuvua nazo ziliitwa giza, hata ukiwa umesimama asubuhi nyeupe, dagaa wanameremeta miguuni pako.

Kila jambo ambalo si kuvua lilisubiri mbalamwezi. Harusi, mazungumzo ya mahari, kung'oa jino, kwenda kuhani msiba wa mbali, kugombana na shemeji juu ya mpaka wa shamba la muhogo. Mwanamke akijifungua, wenzake walihesabu miezi kurudi nyuma kwa vidole, kisha wakacheka: "Wa mbalamwezi huyo!" Kijana mvivu aliambiwa, "Wewe kila siku mbalamwezi." Na mke ambaye mumewe anashinda jikoni akifunua masufuria alisema tu, "Mbalamwezi hii ndefu," na wenzake wakampa pole.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulikuwa watu wa milimani, kutoka Burundi: mimi mwenye miaka tisa, mama yangu, na bibi mzaa mama. Kilichotutoa sikisemi hapa. Tulishuka kwa miguu hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka, na hapo bibi akaishiwa nguvu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba hadi gotini na homa haikushuka. Mama mmoja Muha, mwenyeji wa pale, ambaye hakutujua kwa heri wala kwa shari, alitupa baraza lake tukalala siku nne. Boti ya kwenda Kigoma ilipopatikana, watu walijaa hadi wakawa wanasafiri wamesimama. Mwenye boti akamtazama bibi, akatikisa kichwa. Yule mama Muha akasema, mwacheni kwangu, mtamfuata akipata nguvu. Bibi naye akasema nendeni. Mama alikubali, tukapanda boti.

Wenzetu tuliofika nao walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kambini kwa barabara ya Kidahwe. Mama alikataa kupanda. Alisema kambi iko mbali na ziwa, na mama yake yuko ziwani. Tukatembea hadi Ujiji, akaomba kazi kwa mwanamke aliyekuwa akianika dagaa, na mwanamke yule, kabla hajamjibu juu ya kazi, aliniuliza mimi kama nimekula. Ndiye niliyemwita Mama Mkubwa tangu siku ile. Mumewe, mwenye mtumbwi wa mashine na karabai nne, nikamwita Baba Mkubwa. Walikuwa Waislamu na sisi Wakristo, na sikumbuki hata siku moja jambo hilo kutuletea neno nyumbani, isipokuwa mama alipojifunza kutopika chochote mchana wa Ramadhani karibu na dirisha. Jirani mmoja alimuuliza Mama Mkubwa kwa nini anaweka wakimbizi ndani. Akajibu huku anageuza dagaa, bila kuinua uso:

"Ujiji hii nani hakuja na mtumbwi? Bibi yangu alitoka Kongo. Wako alitoka wapi?"

Jirani akakumbuka kwamba ameacha maharage motoni.

Tulikuwa na siku chache tu pale mbalamwezi ya kwanza ilipotukuta. Nakumbuka jioni, wanawake wanakusanya dagaa wa mwisho, na mwezi ukachomoza upande wa milimani, mkubwa, wa rangi ya mawese. Kwetu mwezi wa namna ile ulikuwa baraka tupu. Watu walikaa nje wakipukuchua maharage bila kuwasha taa, wakaenda kutembeleana, wazee wakapata pombe yao. Basi mama, ambaye alikuwa hajatabasamu tangu Kagunga, akainua mikono miwili mbele ya wanawake wote akasema kwa sauti, "Imana ishimwe!" Mungu ashukuriwe. Mwalo mzima ukageuka kumtazama. Waha wanakielewa Kirundi vizuri sana, lugha zetu ni ndugu, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kujificha. Mgeni amesimama mchangani anamshukuru Mungu kwa kukosekana kwa samaki! Mama Mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akakaa juu ya ndoo, na wengine wakamfuata, na mama akabaki na mikono juu akiuliza amekosea nini. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mwezi ukianza kujaa, kulikuwa na mwanamke wa kumwambia mama, "Haya, baraka zako hizo zinakuja, utulishe."

Mama hakukasirika. Alifurahi kufundishwa. Na aliposhika maana ya neno lile, alishika pia kwamba ndizo siku za kuomba mtumbwi. Mbalamwezi ile ya kwanza haikuwezekana, maana mtumbwi wa Baba Mkubwa ulikuwa umepinduliwa mchangani ukitiwa kalafati, mbao zake zikizibwa upya ubao mmoja mmoja. Na habari kutoka Kagunga zilikuwa nzuri: mguu umepungua, bibi anakaa mwenyewe. Baba Mkubwa akamwahidi mama, mbele yangu, kwamba mbalamwezi inayofuata wataenda kumchukua. Mama alilipenda neno lile kuliko yeyote mwaloni. Nilimsikia akilisema peke yake akiosha vyombo, kwa lafudhi yetu ya milimani, mbaramwezi, mbaramwezi, bila kuongeza lolote.

Giza lililofuata lilikuwa la neema. Wavuvi walisema hawajaona dagaa wengi vile tangu mvua za mwaka uliotangulia. Mitumbwi ilirudi alfajiri imezama hadi karibu na ukingo, tukakosa mahali pa kuanika, tukaanika hadi kwenye njia ya msikitini, na shehe alipita akiruka huku na huku amekunja kanzu. Mikono yangu ilikuwa inanuka dagaa hata baada ya kuoga kwa majivu. Hakuna aliyelalamika.

Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, mwembamba, ukizama mapema upande wa Kongo, pale mchuuzi mmoja wa mawese alipofika kutoka Kagunga na kutuuliza kama sisi ndio wenye yule bibi.

"Yule bibi yenu hali chakula," alisema. "Wanampa, sahani inarudi na chakula chake. Na anauliza kila boti inayopita kama mmezama. Mimi nasema tu nilichoona. Msikawie."

Mama alihesabu. Mbalamwezi ilikuwa bado siku kumi, pengine zaidi. Akaenda kwa Baba Mkubwa, aliyekuwa anapampu karabai kujaribu kama zinashika, akapiga magoti kama tunavyofanya kwetu, akamweleza. Baba Mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na mabaharia watano, kila mmoja na watoto wake, na mtumbwi ule ndio uliowalisha wote baada ya miezi mibaya. Kwenda Kagunga na kurudi ni kukosa siku mbili za kuvua katikati ya neema.

"Shemeji," alisema, "mbalamwezi si mbali. Vumilia."

Hakuwa amebuni jibu. Ndilo alilolisikia kwa baba yake na babu yake, kila mtu mwaloni angempa mama jibu hilo hilo, na mtu wa pale angelipokea akaenda zake. Mama alisema asante, akainuka. Mimi niliuona uso wake nikajua hatavumilia.

Asubuhi nilimkuta amejifunga kitenge cha pili kiunoni, ana mihogo miwili ya kuchemsha kwenye kitambaa na kopo la maji. Alikuwa anakwenda Kagunga kwa miguu. Kwa anayejua upande ule, ni milima inayoingia ziwani, msitu na njia za mbuzi, na mama alikuwa hajapita hata hatua moja ya njia hiyo. Aliniambia nibaki kwa Mama Mkubwa, niwe mtiifu. Nilishika kitenge chake nikakataa kuachia. Nililia kwa sauti, sioni aibu kusema, kwa sababu nilikuwa nimeshamwacha bibi na sikutaka na mimi niachwe.

Kelele zangu zilimleta Mama Mkubwa mlangoni. Akatazama kitenge, mihogo, kopo. Alisema, "Nisubirini hapo," akateremka mwaloni na sisi tukamfuata, maana hatukujua la kufanya. Mitumbwi ilikuwa imerudi, wanaume wamesimama ndani ya maji wanashusha dagaa kwa mabeseni, wamechoka, wanataniana. Mama Mkubwa akaingia majini na gauni lake. Akapanda mtumbwi wa mumewe, akafungua karabai ya kwanza kwenye mti wake, akaishusha. Akafungua ya pili. Wanaume wakadhani anazipeleka kufutwa masizi. Alipobeba zote nne, mbili kila mkono, mmoja wa mabaharia akauliza, "Mama, hizo unapeleka wapi?"

"Chumbani kwangu," alisema. "Leo ni mbalamwezi."

Watu wakatazamana. Baharia yule alikuwa kijana wa Kiha mwenye mdomo mwepesi, akasema, "Mama we! Mwezi wenyewe jana ulikuwa kama ukucha. Dagaa wamejaa hivi, mbalamwezi gani?"

"Yangu. Mtumbwi huu leo na kesho uko mbalamwezi. Anayebisha aje achukue karabai chumbani kwangu, juu ya kitanda, nimwone mwanamume huyo."

Mitumbwi ya jirani iliangua kicheko. Hakuna kijana ambaye angeingia chumbani mwa mke wa tajiri wake, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko wote. Akapita katikati yetu, maji yanachuruzika kwenye gauni, akampa mama mojawapo ya zile karabai ambebee. Nilimwona mama anaitazama ile taa mkononi mwake, hajui aifanyeje. Baba Mkubwa alikuwa amesimama majini hadi mapajani, suruali imekunjwa, hajalala usiku kucha, watu wote wanamtazama waone atafanya nini na mke wake. Nafikiri angeweza kugomba, na wengi wangemuunga mkono. Alinawa uso kwa maji ya ziwa. Kisha akawageukia mabaharia.

"Mafuta ya mashine yapo?"

Mdomo mwepesi yule yule akajibu yapo, na akasema atakwenda naye. Wengine waligawiwa dagaa wa kupeleka nyumbani wakaambiwa wakalale. Mmoja wao, mtu mzima, aliondoka akitikisa kichwa, lakini alipofika kwa mama alisimama akasema, "Msalimie bibi." Nimeshaishi miji mikubwa tangu wakati ule, nimesaidiwa na watu wenye ofisi na fomu, na nawashukuru. Ila sijaona tena mtu akikupa siku zake mbili bora za mwezi kisha akakutuma salamu.

Tuliondoka jua halijapanda sana. Baba Mkubwa alishika usukani nusu ya kwanza, kisha akalala juu ya nyavu, kofia usoni, na kijana akashika. Mama alikaa mbele kabisa, mimi katikati. Milima ilikwenda ikiongezeka upande wa kulia, msitu ukishuka hadi majini, nami nilikuwa natazama njia ambayo mama angepita na nikawa namshukuru Mungu kimyakimya kwa jina la Mama Mkubwa. Kwa miaka mingi sikumwambia nilivyoomba siku ile. Nilikuja kumwambia nikiwa mtu mzima, akasema, "Mungu alikuwa na kazi nyingi, ndiyo maana karabai nilibeba mwenyewe."

Kagunga tulifika alasiri. Mama aliruka kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Tulimkuta bibi kwenye baraza lile lile, amelala ubavu, macho kwenye ziwa. Alikuwa amekwisha. Kichwa kilionekana kikubwa kuliko mwili. Alimtazama mama kwa muda, kisha akanitazama mimi, akainua mkono akanigusa shavu, akashuka hadi shingoni, begani, kama anayenunua kitambaa. Hakulia. Mama ndiye aliyelia, kilio alichokibana tangu siku ya boti, na yule mama Muha akamshika mabega hadi kikaisha.

Halafu yule mama Muha akatueleza, kwa sauti ya mtu anayetaka asilaumiwe.

"Msidhani nilimnyima, wala msidhani alisusa. Kila nikimpa chakula anakigawa mara tatu. Fungu moja anakula, mawili anayafunika. Anasema ni yenu, mtafika na njaa. Nikimwambia, bibi, malizia, anasema mimi nimeshakula langu. Asubuhi nayatoa yameharibika, jioni anafunika mengine. Nami chakula chenyewe sikuwa nacho kingi."

Theluthi ya kidogo, kila siku, wiki tatu nzima na zaidi. Sikuwa na hesabu za shule wakati ule lakini hiyo niliielewa.

Baba Mkubwa alikuwa amesimama pembeni, amevua kofia. Akainama akamnyanyua bibi peke yake, bila shida yoyote, akashuka naye ufuoni, akaingia majini akiwa amemwinua juu ili miguu yake isilowe. Bibi hakuwahi kubebwa na mwanamume asiyemjua maishani mwake. Akamuuliza kwa Kirundi, kwa ukali kidogo, "Uri nde?" Wewe ni nani?

Baba Mkubwa akamjibu kwa Kiha, lugha ya mama yake mwenyewe, ambacho nilikuwa sijawahi kumsikia akikisema. "Ndi umwana wawe." Mimi ni mwanao.

Bibi akaridhika. Akaegemeza kichwa. Aliishi nasi Ujiji miaka minne baada ya siku ile, akawagombeza majirani zetu wote kwa lugha wanayoielewa, na Baba Mkubwa hakuacha kumwita mama. Pale mtumbwini, alipomlaza bibi juu ya nyavu, mama yangu alianza kumshukuru, magoti chini, maneno yakimwishia. Baba Mkubwa akamkatiza, macho yamemwiva kwa usingizi.

"Shemeji, usinishukuru mimi. Mimi nilisema uvumilie."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba radhi vizuri kuliko alivyomwomba mama yangu pale, na nina hakika hakujua kwamba ameomba.

Yule mama Muha alitufuata hadi majini na mihogo ya moto kwenye jani la mgomba, na samaki mmoja, mgebuka, wa kubanika. Hatukuwa na cha kumwachia isipokuwa debe la dagaa ambalo Mama Mkubwa alilitia mtumbwini bila kusema ni la nani. Mashine ikawaka. Tulipokuwa tumeacha ufuo mama akamwekea bibi muhogo mapajani. Bibi akaumega, akafanya mafungu matatu juu ya jani. Akatafuta cha kufunikia. Mama akamshika mkono akasema, "Mama, tuko hapa." Akachukua fungu lake akala. Mimi nikachukua langu nikala. Bibi alitutazama midomo yetu hadi tukameza wote wawili, ndipo akala la kwake. Alipomaliza aliuliza kama kuna kingine.